Honi ya Kipusa

Tarehe 6 Machi

Kaka Waya,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia shangazi mpaka paka. Shangazi magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Juzi kamfukuza muuza sabuni mpaka ng'ambo ya barabara kwa maneno matupu. Mimi nipo barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule, shingo inaniuma, ila nikilalamika nani atanisikiliza? Wifi hajambo? Na yule wenu wa mwisho ameshaota meno, au bado anatafuna kwa ufizi kama bibi kizee?

Haya, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Honi ya Kipusa hailii. Ndiyo, Kipusa huyo huyo, kile kigari chekundu cha Baba cha milango miwili na paa la turubai, kilichokuwa kikituziba masikio kila Baba alipokunja kona ya kuja kwetu. Bado kipo uani, mbele ya banda lake. Injini haijawashwa muda mrefu, lakini betri nimeipeleka ikachajiwa na taa zinawaka vizuri. Honi ndiyo bubu. Nabonyeza kile kitufe cha katikati ya usukani, kimya.

Fundi wa hapa mtaani alikuja, akachungulia, akakuna kichwa, akasema magari ya namna hii yaliacha kuuzwa yeye hajazaliwa. Nikajua ni wewe tu. Wewe na Baba mlikifungua kile kigari nati kwa nati ukiwa hujaota ndevu.

Najua uliapa hukanyagi hapa mpaka Baba akuombe radhi kwa kinywa chake. Nilikuwepo ulipoapa. Hata hivyo nakuomba uje, hata siku mbili, uitazame hiyo honi mwenyewe. Kama haiwezekani kabisa, basi niandikie nifanye nini. Usiichukulie kama mzaha, nina sababu.

Mdogo wako,
Chiriku


Tarehe 29 Machi

Chiriku mdogo wangu,

Barua yako imefika imechanika pembe, nadhani karani wa posta aliisoma kwanza, akacheka, ndipo akaileta. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto ana meno mawili na ameshaniuma nayo. Kazini ni yale yale: mabasi yanaingia karakana asubuhi, nusu hayana taa, nusu yana taa zisizozimika, na kila dereva anaapa hakugusa kitu. Msalimie shangazi, mwambie muuza sabuni naye ana mama yake. Wasalimie majirani. Msalimie na paka.

Kuja siji. Umeniuliza habari za honi, nakujibu habari za honi. Ila nashangaa kidogo. Baba ana mikono miwili na mdomo unaofanya kazi ya mikono mingine minne. Kwa nini asiitengeneze mwenyewe? Au siku hizi amechoka kujisifu?

Sikiliza basi. Fungua boneti. Mbele kule, karibu na rejeta, utaona honi mbili zilizojikunja kama konokono. Kila moja ina waya mbili. Waya wa kwanza una moto, yaani umeme, wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Waya wa pili unarudi nyuma, unapanda na usukani mpaka kwenye kitufe. Ukibonyeza, ule waya wa pili unagusana na chuma cha gari, yaani bodi, na moto unapata njia ya kupita. Hapo ndipo honi inalia. Kwa hiyo moto upo tayari umesimama mlangoni, kazi ya kitufe ni kufungua mlango tu.

Chukua balbu ndogo, ifunge waya mbili. Ncha moja iguse waya wa moto, nyingine iguse chuma kisicho na rangi. Ikiwaka, moto unafika. Kisha uchomoe ule waya wa pili kwenye honi, na mahali pake weka kipande cha waya ukiguse kwenye bodi. Honi ikilia, yenyewe ni nzima na ugonjwa uko huku juu kwenye usukani. Vua bangili kabla hujaanza.

Na hilo la radhi, kwa kuwa umelitaja wewe. Gari la yule mteja liliungua kwa kiungo cha waya alichokifunga Baba kwa haraka, na nilimwambia, Baba, hapo pamelegea. Moto ulipowaka akageuka mbele ya mteja na mafundi wote akasema, "Huyu ndiye aliyeunga. Mikono yake haina macho." Yule bwana akanizaba kofi, na Baba akatazama pembeni. Sikudai urithi wala hilo gari lake. Nilitaka aseme, "Nilikifunga mimi." Siku atakayosema, siku hiyo hiyo nitapanda basi.

Kaka yako


Tarehe 17 Aprili

Kaka,

Tunamshukuru Mungu, tupo. Shangazi kapata dawa ya kuchua magoti, nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Paka kazaa kwenye kapu langu la vitambaa.

Honi ililia, kaka. Balbu iliwaka, nikagusisha waya kwenye bodi kama ulivyosema, ikapiga mlio nikajigonga kichwa kwenye boneti. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye usukani. Sasa niambie nifanye nini huko.

Lakini umesalimia mpaka paka, Baba hukumsalimia. Kwa hiyo nakuambia sasa, na naomba usome taratibu.

Baba amepooza. Alianguka kwenye karakana yake mwanzoni mwa mwaka, spana mkononi. Upande wote wa kulia umelala, mkono na mguu, na kinywa kimekwenda nao. Hasemi. Anajaribu, inatoka sauti ya koo tu, halafu anakasirika anafumba macho. Muuguzi anasema anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu. Karakana imefungwa.

Tulikuwa tunamweka barazani karibu yangu. Akawa anaonyesha banda kwa mkono wa kushoto, anaonyesha, tukamletea kofia, tukamletea redio, siyo. Mwisho mafundi wake wa zamani wakambeba wakamweka kwenye Kipusa, wakalisukuma gari hadi nje ya banda likatazama geti. Akatulia. Kila alasiri tunamweka humo. Na gari lolote likisimama nje, lori, teksi, lolote, anabonyeza kitufe cha honi. Hailii. Anabonyeza tena. Shangazi akipita habonyezi, mimi nikipita habonyezi. Ni gari likisimama tu. Siku ile nilipogusisha waya ikalia alikuwa ndani, na machozi yalimtoka.

Nilikuandikia habari ya honi na sikukuandikia ugonjwa kwa sababu ya ile telegramu ya uongo. Nilijua ukiona neno "mgonjwa" utaitupa barua. Honi nilijua utaijibu.

Njoo. Muuguzi anasema ugonjwa huu ukirudi mara ya pili huchukua na fahamu. Nataka uje akiwa bado anakujua.

Chiriku


Tarehe 2 Juni

Chiriku,

Salamu. Huku wazima. Nimechelewa kujibu.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Shangazi alinitumia telegramu, "Baba mahututi, njoo." Nikaacha kazi niliyokuwa nimeipata kwa shida, nikasafiri nimesimama njia nzima, nalia kama mtoto, watu wananipa leso. Nikafika getini, nikamkuta Baba amelala chini ya lori anapiga mluzi. Akajiburuta akatoka, akapangusa mikono, akamwambia shangazi, "Si nilikwambia atakuja?" Akacheka. Habari ya kiungo hakuitaja. Nikanywa maji, nikaondoka.

Sasa mara hii mmeongeza chumvi. Kinywa kimekwenda! Kati ya viungo vyote vya mwili, kilichokwenda ni kile kile ninachokidai. Na wewe ulivyo fundi wa kushona, hadithi umeipiga pindo vizuri.

Kama nakukosea utanisamehe. Ila siji.

Habari ya usukani. Kitoe kile kitufe kwa bisibisi bapa, taratibu, kitaruka. Ndani mna springi na ncha ya shaba. Isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, na pale inapogusa pia. Ni kutu tu. Usukani wa gari lile ni chuma kimoja kutoka juu mpaka chini, na chuma chenyewe ndicho kinachopeleka kwenye bodi. Hakuna kingine cha kuharibika.

Waya


Tarehe 20 Juni

Kaka,

Salamu za shangazi sikupi, amekataa kukusalimu. Nilimsomea barua yako akanyamaza kimya, na wewe unamjua shangazi, akinyamaza ujue pameharibika. Alisema neno moja baadaye: "Telegramu ile niliipeleka posta mimi, lakini huyu mtoto atakuja kunizika mimi au naye atasema nimejilaza?"

Hadithi nimeipiga pindo. Sawa. Pindo lenyewe ni hili: asubuhi namgeuza Baba, namwosha, namkausha katikati ya vidole, kwa sababu usipokausha panachubuka. Namlisha uji kwa kijiko kidogo upande wa kushoto, na unaorudi naufuta. Baba yule aliyekuwa akila amesimama. Ananitazama ninapomfuta, kaka, na ni afadhali angenitukana. Kisha nakaa kwenye cherehani kwa sababu sare hazijishoni. Alasiri nawaita vijana wa jirani wanisaidie kumbeba. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe unapiga nyoka kwa barua.

Kitufe nimekitoa. Nimesugua shaba mpaka najiona uso. Hailii. Nimelala chini ya usukani nikatazama kwa tochi, na nakuambia si chuma kimoja. Chini kule, kabla haujaingia chumba cha injini, umekatwa na katikati pamewekwa raba nene ya duara, imefungwa kwa bolti. Hiyo raba ni ya nini?

Chiriku


Tarehe 11 Julai

Chiriku,

Hakuna raba. Nimelala chini ya usukani ule mara nyingi kuliko ulivyolala kitandani kwako. Uliyoona labda ni mpira wa kuzuia vumbi. Hukusugua vizuri, umefuta kama mtu anayefuta meza. Rudia. Mtu akiambiwa kitu na anayejua, afanye kwanza, maswali baadaye.

Huku wazima.

Umeandika mkono wa kulia ndio umelala. Wa kushoto anaweza kushika kikombe?

Waya


Tarehe 30 Julai

Kaka,

Hatujambo, na nyie tunawaombea.

Barua yako ya mwisho nilimsomea shangazi, akacheka mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Akasema, "Funga macho, sikiliza, huyo ni nani anayesema?" Mtoto wa nyoka ni nyoka, kaka. Maneno ni ya Baba, hata mahali pa kupumua.

Kikombe hawezi, kinammwagikia. Kijiko anaweza, siku nzuri.

Raba ipo. Sikuamini macho yangu kwa kuwa ulinikataza kuyaamini, nikamwita fundi wake mkuu wa zamani, yule mwenye pengo. Akalala chini, akatoka, akasema raba aliiweka Baba mwenyewe baada ya wewe kuondoka. Mikono ilikuwa imeanza kumfa ganzi. Kila gurudumu likiingia shimoni, chuma kile kilikuwa kinamtetemesha mpaka begani, akashindwa kushika usukani. Akaukata usukani, akatia raba ya gari jingine ili upunguze mtetemo. Mafundi walipouliza akasema ndiyo mtindo wa kisasa. Hakumwambia mtu kuhusu ganzi, mpaka siku aliyoanguka. Fundi mkuu aliona lakini nani angethubutu kumwambia Baba kitu?

Toka siku ile honi haikulia, na Baba hakujali, maana alikuwa na mdomo.

Unatengeneza gari uliloliacha wewe. Hilo halipo tena. Na Baba uliyemwacha naye hayupo, yule wa kupiga mluzi. Aliyepo anakaa kwenye gari lisilotembea anatazama geti.

Chiriku


Tarehe 9 Septemba

Chiriku mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shangazi, na kwa Baba.

Dereva mmoja wa basi anayepita huko kwenu alikuja karakana na taa mbovu. Nikamuuliza kama anaijua nyumba yenye kigari chekundu uani. Akasema, ile ya mzee aliyepooza, anayekaa ndani ya gari? Anasema kila akisimamisha basi lake hapo nje anamwona mzee anagongagonga usukani, akafikiri ana wazimu. Nikamtengenezea taa zake na sikujua nimetengeneza nini.

Nilikukosea. Nisamehe wewe.

Kama kuna raba, basi ugonjwa ni huo, na mtu yeyote wa umeme angeujua siku ya kwanza. Raba haipitishi moto. Sehemu ya juu ya usukani imetengwa na bodi, ukibonyeza mlango unafunguliwa lakini nje hakuna njia. Alipotia raba alipaswa kuweka na waya mfupi wa kuruka juu yake, akasahau. Au hakutaka kumwuliza wa umeme.

Ndani ya bahasha kuna huo waya. Nimeutengeneza mwenyewe, nimeubana macho ya shaba, vile vipete vya kupitisha bolti, pande zote mbili. Legeza bolti moja ya juu ya raba, tia jicho moja, kaza. Legeza moja ya chini, tia jicho la pili, kaza. Sugua rangi kwanza mpaka uone chuma. Hakikisha hauvutiki usukani ukigeuzwa. Basi.

Umeniomba nije. Nimekaa na barua yako mfukoni, wifi yako amechoka kuniona nikiitoa. Chiriku, nikija nitakaa mbele yake nikisubiri neno ambalo sasa haliwezi kutoka hata akitaka. Mwanaume niliyemchukia miaka yote hii alikuwa na mdomo. Huyu sijui nimfanye nini. Nina hasira naye na sina pa kuipeleka.

Kaka yako


Tarehe 28 Septemba

Kaka yangu,

Inalia!

Shangazi alishika tochi na matusi, mimi nikashika spana. Nilikaza bolti mpaka mikono ikaota malengelenge. Tulipomaliza tukamleta Baba, nikamwambia, "Baba, bonyeza." Hakutaka, alikuwa amekwishakata tamaa na kile kitufe. Nikauchukua mkono wake nikauweka. Ikalia. Akashtuka mpaka kofia ikaanguka. Kisha akabonyeza mwenyewe. Akabonyeza tena, muda mrefu, hakuachia. Majirani wote walitoka. Muuza sabuni alikuwa anapita, akaanza kukimbia bila kufukuzwa. Shangazi akakaa chini uani na magoti yake mabovu, akalia.

Sasa kila gari likisimama nje, Baba anapiga honi, na majirani wanachungulia getini kuona nani kafika.

Jana nilipiga magoti kando ya mlango wa gari nikamuuliza, "Baba, unamwita Waya?" Alibonyeza kabla sijamaliza jina. Nikamuuliza, "Nimwambie aje?" Akabonyeza akashikilia mpaka ilibidi niushike mkono wake. Kaka, mtu amebakiwa na mkono mmoja na kitufe kimoja, na vyote anakuitia wewe. Mimi ninayemwosha hajawahi kuniita kwa honi.

Umesema neno haliwezi kutoka. Hilo ndilo lililotoka. Njoo.

Chiriku


Tarehe 8 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Barua yako niliisoma nimeketi ndani ya basi bovu, nikafunga mlango. Nililia. Nakuambia kwa kuwa hunioni.

Umenifanyia kazi ambayo ilikuwa yangu, na sijui kama nitaweza kukulipa kwa lolote hapa duniani.

Lakini kuniita na kuniomba radhi si kitu kimoja. Hata kwa telegramu aliniita. Anajua kuita. Kila mtu katika ukoo huu anajua kuniita, na nikifika nakuta wote wanafanya kana kwamba nilikwenda dukani nikachelewa kurudi. Mafundi wake wote mpaka leo wanajua kwamba mimi ndiye niliyeunguza gari la watu. Huku nimekaa miaka yote, na kila ninapofunga kiungo natazama mara tatu, nasikia, "Mikono yake haina macho."

Kwa hiyo nakuomba jambo moja la mwisho. Unasema kichwa chake ni kizima. Muuguzi pia anasema. Basi muulize. Shangazi awepo, na fundi mkuu awepo. Mwambie hivi: "Baba, kiungo kilichounguza lile gari, ulikifunga wewe?" Abonyeze mara moja tu. Sitaki apige magoti, sitaki alie. Mara moja.

Nimeomba likizo na wamekubali. Begi nimelifunga, liko nyuma ya mlango. Wifi yako ananicheka. Ukiniandikia kwamba amebonyeza, nakuja na watoto wote.

Waya


Tarehe 1 Desemba

Kaka,

Tunaendelea. Shangazi sasa anatembelea fimbo.

Nilimuuliza. Niliwaita kama ulivyotaka. Shangazi alisimama upande wa pili wa gari, fundi mkuu nyuma yake, kofia mkononi. Kwanza nikamwambia habari njema, kwamba Waya amepewa likizo na begi limefungwa. Baba akabonyeza, akabonyeza, uso upande ule mzima unacheka. Halafu nikamuuliza swali lako, neno kwa neno.

Alielewa. Usijidanganye kwamba hakuelewa, nilikuwa nimemkaribia kiasi cha kusikia pumzi yake. Aliutoa mkono kwenye kitufe, akauweka pajani, juu ya ule uliokufa. Akatazama pembeni. Nikamwambia, "Baba, mara moja tu, atakuja." Fundi mkuu akasema, "Mzee, sisi sote tunajua. Hata siku ile tulijua." Hakugeuka. Tukasimama pale mpaka shangazi akaniambia, "Mwache, huyo atakufa nalo." Siku hiyo hakugusa honi tena.

Kesho yake lori likasimama nje, akapiga honi.

Nilishika kalamu nikuandikie kwamba alibonyeza. Nilikwishaandika tarehe na salamu. Ungepanda basi, watoto wangemwona babu yao, na mimi ningepata mtu wa kunisaidia kumgeuza. Kisha nikaona utamuuliza mwenyewe, uso kwa uso, naye atatazama pembeni tena, mbele ya wanao. Telegramu moja inatosha katika familia hii. Nikaichana.

Sasa nakuambia yangu, maana katika barua zote hizi hakuna aliyeniuliza. Yeye anataka uje bila yeye kusema. Wewe unataka aseme ndipo uje. Wote wawili mko radhi afe kwanza. Nimewaelewa, na nimewachoka. Najua ulionewa. Najua ni yeye aliyekufundisha kukaza kitu mpaka kikatike. Lakini mimi sikufunga kiungo chochote, na mimi ndiye ninayefuta uji.

Na honi ile imenishinda. Ikilia, majirani wanatoka. Wananiuliza, "Amefika?" nasema hapana. Hilo ningelivumilia. Nisichokiweza ni mimi mwenyewe. Kila ikilia nainua kichwa kutoka kwenye cherehani natazama geti, ingawa najua, ingawa barua yako ninayo kwenye droo. Nimejichoma sindano kidoleni kwa kutazama geti.

Jana, kabla ya kumbeba Baba, nilifungua boneti nikachomoa fyuzi ya honi. Wewe hukunifundisha hilo, nimejifunza mwenyewe. Tukamweka. Teksi ikasimama nje. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, akasugua kitufe kwa kidole gumba, akabonyeza. Kisha akageuka akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya swali.

Nikamwambia, "Imeharibika tena, Baba, na fundi haji."

Chiriku